Hoteli ya Kula, Hoteli ya Kulala: Msamiati wa Safari ya Gofu Mjini

Tulipotoka katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, mimi na rafiki yangu ambaye ni mchezaji wa gofu, nilimwambia dereva wa teksi kwa Kiswahili changu cha Dar es Salaam: "Tupeleke hotelini, tafadhali." Dereva akageuza uso kidogo, akauliza: "Hoteli ya kula ama ya kulala?" Rafiki yangu alicheka. Mimi ninayefundisha isimu sikucheka, kwa kuwa swali lilikuwa sahihi kabisa na lilinikumbusha jambo ambalo kamusi nyingi hulipita haraka.

Safari ilikuwa ya siku nne. Rafiki yangu alikwenda kucheza, nami nilikwenda kumsindikiza. Tulikaa katika hoteli ya nyota tano katikati ya jiji na kila alfajiri tulikwenda uwanjani. Nilirudi na daftari lililojaa maneno, na pia na aibu moja ambayo nitaieleza mbele. Makala haya yanachambua maneno yanayomzunguka mtu anayelala katika hoteli ya kifahari kwa ajili ya gofu: yapi ni sanifu, yapi yana maana mbili, na yapi yanahitaji kutazamwa upya kabla ya kutamkwa mbele ya mtu.

1. Hoteli, mkahawa, gesti

Neno *hoteli* limetoka Kiingereza na liko katika ngeli ya I-ZI: *hoteli hii, hoteli hizi*. Irabu ya mwisho imeongezwa kwa sababu Kiswahili hupendelea silabi inayoishia kwa irabu. Irabu hiyo haichaguliwi kiholela. Konsonanti ya mwisho ya neno la kigeni ikiwa ya midomo, aghalabu huongezwa /u/, kama katika *klabu, filamu, albamu* na *gofu*. Isipokuwa ya midomo, aghalabu huongezwa /i/, kama katika *hoteli, benki* na *gesti*.

Kimaana, neno hili linabeba mizigo miwili. Katika maandishi rasmi hoteli ni jengo lenye vyumba vya kulala wageni kwa malipo. Katika mazungumzo ya kila siku, Kenya na Tanzania, hoteli ni mahali pa kula. Kihoteli cha kando ya barabara kinachouza chai, maharagwe na chapati hakina hata kitanda kimoja, na hakuna anayeona ajabu kukiita hivyo. Anayesema "leo nimekula hotelini" hamaanishi kwamba amelala huko. Dereva wetu, basi, hakukosea. Aliondoa utata kwa njia fupi kuliko zote, yaani kwa kuongeza kitenzi.

Anayetaka kuepuka utata huo katika maandishi ana neno jingine la mahali pa kula. Kenya husema *mkahawa*, Tanzania hupendelea *mgahawa*. Yote mawili yana asili moja, neno la Kiarabu la kahawa. Tofauti ya /k/ na /g/ inaakisi matamshi ya Kiarabu chenyewe, kwani katika lahaja za Ghuba sauti *qaf* hutamkwa /g/. Hakuna sababu ya kumsahihisha Mkenya kwa mgahawa wa Mtanzania wala Mtanzania kwa mkahawa wa Mkenya.

*Gesti*, au kwa urefu *nyumba ya kulala wageni*, ni malazi ya bei nafuu. Neno gesti katika mazungumzo ya Tanzania lina kivuli cha siri na faragha ya muda mfupi, na kwa hiyo mtu mzima anayesafiri na familia yake huona heri kusema *nyumba ya wageni*. Nairobi utasikia *lojing*. Maneno haya si visawe kamili vya hoteli, kwani kila moja hutaja bei, hadhi na hata nia ya anayelala.

2. Umefikia wapi?

Wanafunzi wa Kiswahili kutoka ng'ambo hupenda kusema *ninakaa katika hoteli fulani*, na husahihishwa mara chache kwa sababu sentensi haina kosa la sarufi. Hata hivyo, mwenyeji hamuulizi mgeni wake "Unakaa wapi?" kama anataka kujua alikolala jana usiku. Swali hilo linahusu makazi ya kudumu. Atauliza: "Umefikia wapi?" na jibu litakuwa "Nimefikia kwa shangazi" au "Nimefikia hoteli fulani, karibu na bustani."

Kitenzi *fikia* ni kauli ya kutendea ya *fika*. Maana ya msingi ni kufika mahali, lakini hapa kinyambuaji kimeongeza wazo la mahali pa kupokelewa baada ya safari. *Shukia* kina historia inayofanana: anayeshuka chomboni au garini *hushukia* kwa mtu au mahali fulani. Vitenzi hivi viwili vinabeba safari ndani yake. *Kulala* kinataja usiku tu: "Tulilala Nairobi siku tatu." *Kupanga* kinataja mkataba wa kukodi, na huelekea muda mrefu, ndiyo maana *mpangaji* ni mtu wa kodi ya nyumba, si mgeni wa siku nne. Kwa kutaka chumba kabla ya kufika, usemi sanifu ni *kuweka nafasi*: "Tumeweka nafasi ya vyumba viwili."

Mfano huo wa mwisho una jambo la kuangaliwa. *Vyumba viwili* na *chumba cha watu wawili* ni vitu tofauti kabisa, na bei zake hazifanani. Katika mazungumzo ya haraka ya mjini watu husema *chumba mbili*. Mpokezi ataelewa, lakini katika barua ya kuweka nafasi upatanisho wa ngeli humwondolea kila mtu shaka.

3. Sauti inayorudi: malazi, makazi, mapokezi, mpagazi

Tulipoingia hotelini, maneno manne yalinijia pamoja, na yote yana /z/ ile ile. Kutokana na *lala* tunapata *malazi*. Kutokana na *kaa*, *makazi*. Kutokana na *pokea*, *mapokezi* na *mpokezi*. Kutokana na *pagaa*, yaani kubeba begani, tunapata *mpagazi*.

Katika *lala* asili ya sauti hiyo inaonekana: /l/ iliyo mbele ya kiambishi tamati *-i* imegeuka /z/. Lakini katika *kaa, pokea* na *pagaa* hatuoni /l/ yoyote. Ilikuwapo zamani, ikadondoka katikati ya irabu, na hurudi tunaponyambua: *kalia, pokelea*. Kiambishi *-i* kinapoikuta, huigeuza /z/ kama ilivyo katika *malazi*. Ni kanuni ile ile inayotupa *vazi* kutokana na *vaa*, na ni ndugu wa kanuni inayogeuza /k/ kuwa /sh/ katika *pika* na *mpishi*.

Hapo ndipo tunapoelewa tofauti ya *malazi* na *makazi*, ambayo magazeti huikosea mara kwa mara. Malazi ni mahali pa kulala kwa muda. Makazi ni mahali pa kuishi. Hoteli hutoa malazi. Tangazo linalosema hoteli "inatoa makazi kwa watalii" linawafanya watalii wahamiaji.

Kuhusu anayebeba mizigo, Kiswahili kina neno zaidi ya moja, na kila moja lina mahali pake. *Mpagazi* ni neno la misafara ya bara, na leo linaishi hasa katika mlima Kilimanjaro, ambako wapagazi hubeba mizigo ya wapanda mlima. *Hamali* ni wa mjini na sokoni, na asili yake ni Kiarabu. *Kuli* ni wa bandarini. *Mchukuzi* ni neno la jumla. Kwa hotelini, *mbeba mizigo* linatosha na halimshushi mtu.

4. Kifahari, anasa, starehe

Tumeikuta hoteli yenye sakafu ya marumaru na maua mabichi mezani, tuiiteje? Vivumishi viwili hushindana: *ya kifahari* na *ya anasa*. Havilingani. *Fahari* ni utukufu na heshima, na kitu cha kifahari kinasifiwa. *Anasa* ni raha inayozidi mahitaji, na neno hilo mara nyingi huambatana na lawama: mtu *hujitumbukiza* katika anasa, na anasa *humponza*. Mfasiri wa matangazo anayeandika "karibu katika anasa yetu" anamwalika mgeni kwenye jambo ambalo mama yake alimkataza. Aandike *hoteli ya kifahari* au, kwa kipimo, *hoteli ya nyota tano*.

*Starehe* limo katikati. Linaweza kuwa na lawama, kama katika "mtu wa starehe", lakini asili yake ya Kiarabu ni kupumzika, na maana hiyo bado inaishi katika adabu ya pwani. Mgeni akiingia na waliokaa wakataka kuinuka kumpisha, yeye husema: "Starehe!" Maana yake ni kaeni, msijisumbue kwa ajili yangu. Mpokezi wa hoteli yetu alimaliza maelezo ya chumba kwa kusema, "Karibuni sana," nikamjibu, "Starehe." Alinitazama, kisha akatabasamu na kusema kwamba nyanyake aliyeko Lamu huwa anajibu hivyo. Mpaka dakika ile alikuwa akituhudumia kwa Kiingereza. Kuanzia pale, kwa siku zote nne, alizungumza nasi Kiswahili.

Nalitaja hili kwa sababu wengi hudhani Kiswahili hakina msamiati wa meza ya mapokezi ya nyota tano. Kinao, na ni wa zamani kuliko meza yenyewe. Asubuhi utaulizwa kuhusu *kiamshakinywa* (Kenya), *kifungua kinywa* (Tanzania), au kwa lugha ya kitabu *staftahi*. Nguo zako zitakwenda kwa *dobi*, neno lililotoka Bara Hindi. Chakula kitaletwa na *mhudumu*.

5. Mgeni au mteja?

Hoteli za siku hizi hupenda kumwita anayelala *mteja*. Neno hili lilikuwa na maana nyingine katika kamusi za zamani: mtu aliye chini ya matibabu ya mganga. Kutoka hapo limekuja kumaanisha yeyote anayelipia huduma. Ni neno la fedha, na halina kosa katika stakabadhi.

*Mgeni* ni neno la uhusiano. Lina upande wa pili, *mwenyeji*, na pande zote mbili zina wajibu. Methali husema *Mgeni njoo, mwenyeji apone*: ujio wa mgeni ni heri kwa mwenye nyumba. Nyingine inasema *Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe*: ugeni una mwisho, na anayehudumiwa hawezi kuhudumiwa milele bila kurudisha chochote. Methali ya pili ilitusindikiza Nairobi bila sisi kujua, kwani siku ya tatu ndipo nilipopewa jembe langu.

Neno *mhudumu* nalo lina historia ya kutia moyo. Limejengwa kutoka *hudumu*, lenye mzizi wa Kiarabu uliotupa pia *hadimu*, neno la zamani la mtumishi au mtumwa. Mzizi ni mmoja, ila tawi moja limebaki katika utumwa na jingine limekuwa jina la kazi. Lugha ina njia zake za kumwinua mtu, wenye lugha wakitaka.

6. Gofu na magofu

Kabla ya safari nilimpigia simu shangazi yangu aliyeko Tanga, nikamwambia: "Shikamoo shangazi. Kesho nakwenda Nairobi kwa ajili ya gofu." Akanijibu: "Marahaba mwanangu. Magofu tunayo hapa Tongoni, ya Nairobi yana nini?"

Shangazi alikuwa na haki. Kiswahili kilikuwa na *gofu* muda mrefu kabla ya mchezo huu kufika. Gofu hilo ni jengo lililobomoka na kuachwa likiwa kuta tupu, na kwa sitiari ni kiwiliwili kilichokondeana: "Maradhi yamemwacha gofu la mtu." Liko katika ngeli ya LI-YA: *gofu hili, magofu haya*. Ndiyo maana twasema magofu ya Kilwa, magofu ya Gede, magofu ya Tongoni.

Gofu la pili limetoka Kiingereza. /l/ iliyokuwa mbele ya /f/ imedondoshwa, na /u/ ikaongezwa baada ya sauti ya midomo kama tulivyoeleza. Neno hili liko katika ngeli ya I-ZI na halina wingi: *gofu inapendwa*. Maneno haya mawili ni homonimu, hayana undugu wowote, na kinachoyatenganisha ni upatanisho wa kisarufi.

- *Gofu hili limezama porini.* (jengo)
- *Gofu hii ya Nairobi ina historia ndefu.* (mchezo)

Kwa usalama, tumia *mchezo wa gofu* mara ya kwanza katika maandishi yako, na kamwe usiseme *magofu* kwa maana ya viwanja vya gofu.

Anayecheza ni *mchezaji wa gofu* au *mcheza gofu*. Tazama tofauti ya umbo. *Mchezaji* limeundwa kwa kiambishi *-aji* na linahitaji *wa*. *Mcheza* limebaki na irabu ya kitenzi na linapokea yambwa moja kwa moja, bila *wa*, kama ilivyo katika *mla nyama, mbeba mizigo, kipaza sauti* na *kifungua kinywa*. "Mcheza wa gofu" ni mseto wa miundo miwili na haukubaliki.

7. Uwanja, shimo, fimbo, mkwaju, klabu

Nairobi ni mji wa gofu tangu utoto wake. Reli ilifika mwaka 1899. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa mwaka 1904. Na klabu ya gofu inayoitwa leo Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, na Mhispania Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978. Tangu mwaka 2019 yamo katika ratiba ya juu ya mashindano ya kulipwa ya Ulaya. Kwa miaka hiyo yote Kiswahili kimekuwa kikizungumzwa kwenye nyasi zile, hata pale ambapo matokeo yaliandikwa kwa Kiingereza.

*Uwanja* ndilo neno la mahali pa kuchezea. Wingi wake wa asili ni *nyanja*, lakini huo umehamia katika maana ya vitengo vya maarifa (*nyanja za elimu*), na kwa michezo twatumia *viwanja*, ambao ni wingi wa *kiwanja*. Kumbuka kwamba *kiwanja* pekee, Tanzania, ni kipande cha ardhi cha kujengea. "Amenunua kiwanja" hakuhusiani na gofu.

*Shimo* lina ugumu kidogo. Tundu lenyewe la gofu lina kipenyo cha sentimeta 10.8 tu, na kwa ukubwa huo lilistahili kuitwa *kishimo* au *kitundu*. Wanahabari wamechagua *shimo*, nao wameshinda: twasema *uwanja wa mashimo 18*. Hapo shimo si tundu tu, bali kipande chote cha uwanja kuanzia mahali pa kupigia mpira wa kwanza hadi kwenye tundu. Kwa sababu hiyo si vizuri kuita "shimo" lile eneo la mchanga linalowatesa wachezaji. Sema tu: "Mpira umeingia mchangani."

Kifaa cha kupigia ni *fimbo*. *Magongo* tumewaachia wachezaji wa hoki, ambao mchezo wao huitwa *mpira wa magongo*. Kanuni zinamruhusu mchezaji kuwa na fimbo zisizozidi 14 mkobani. Pigo moja huitwa *mkwaju*, wingi *mikwaju*. Neno hilo ni jina la mti wa ukwaju, kisha la fimbo, kisha la pigo lenyewe, na wapenzi wa soka wanalijua katika *mikwaju ya penalti*. Katika gofu anayeshinda mashindano ya kawaida ni mwenye mikwaju michache zaidi. Kwa hiyo "ameongoza kwa mikwaju mitatu" maana yake amepiga mitatu pungufu, si mitatu zaidi. Mwandishi wa michezo aliyezoea mabao na aangalie hapo.

*Klabu* kwa Kiswahili ni chama, si fimbo, ingawa Kiingereza hutumia neno moja kwa vyote viwili. Mfasiri asiandike kwamba mchezaji "alibadilisha klabu" kama alichobadilisha ni kifaa. Pia kuna *kilabu*. Ni neno lile lile, ila wazungumzaji wameligawa upya wakiiona *ki-* kama kiambishi cha ngeli, wakapata *vilabu*, kama walivyopata *vitabu* kutoka neno la Kiarabu lisilokuwa na kiambishi chochote. Kilabu, kwa wengi, ni mahali pa pombe ya kienyeji. Baina ya klabu ya gofu na kilabu cha pombe kuna irabu moja tu na umbali mkubwa wa kipato.

8. Anayebeba fimbo

Sasa nifike kwenye aibu niliyoitaja. Siku ya tatu tulicheza, au tuseme wao walicheza nami nilitembea, pamoja na mwenyeji mmoja wa Nairobi. Aliyebeba mkoba wa rafiki yangu alikuwa mtu mwenye mvi, mkimya, aliyeujua uwanja kama mtu anavyoijua nyumba yake. Alikuwa akisema maneno machache: "Hapa upepo unatoka kulia. Usiulazimishe. Mpira utakwenda wenyewe." Rafiki yangu alimsikiliza, na mpira ukaenda.

Katika shimo la sita, mwenyeji wetu alitaka maji. Akapaza sauti: "Boi!"

Yule mzee hakugeuka. Akaitwa tena. Ndipo alipogeuka, akasema kwa upole: "Boi nilimwacha nyumbani, bwana. Hapa nimekuja mimi." Kisha akaleta maji.

Hakuna aliyesema neno. Nami, mtu ninayelipwa kufundisha maneno, nilinyamaza pamoja na wenzangu.

*Boi* limetoka katika neno la Kiingereza la mtoto wa kiume. Wakati wa ukoloni lilitumiwa kumwita mwanamume yeyote aliyehudumu, awe na miaka 15 au 60. Kamusi zetu hulieleza kwa utulivu: mtumishi wa kiume wa nyumbani. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yameacha jambo kubwa, kwamba neno hili humnyima mtu umri wake. Katika jamii ambayo umri ndio msingi wa salamu, ambamo hatuwezi hata kusema "shikamoo" bila kujua nani amemtangulia nani kuzaliwa, kumnyima mtu umri ni kumtoa katika mazungumzo. Ni haki kamusi iliweke neno hili, kwa kuwa lilitumika na bado linatumika, ila iliwekee alama ya *dharau*.

Basi tumwiteje? Waandishi wengine hutumia *kedi*, neno lililotoholewa, katika ngeli ya A-WA kwa upatanisho: *kedi amefika, makedi wamefika*. Liangaliwe lisichanganywe na *kadi*, ambayo ni karatasi ya kuandikia matokeo. Kiswahili cha wazi kina *mbeba fimbo*, lililojengwa kama *mbeba mizigo*, lakini halitoshi, kwa kuwa mtu huyu hubeba pia maarifa. *Msaidizi wa mchezaji* linatosha katika taarifa. Hayo ni majina ya kazi. Mbele ya mtu mwenyewe, jibu halitoki katika gofu hata kidogo: aliye mtu mzima ni *mzee*, kijana ni *kaka* au *ndugu*, na mwenye jina huitwa kwa jina lake, baada ya kuulizwa.

Kuna maneno mengine mawili yanayomhusu mtu huyo na ambayo huchanganywa kwa hasara yake. *Ujira* ni malipo ya kazi, na ni haki. *Bakshishi* ni zawadi ya hiari juu ya malipo. Wabeba fimbo wengi hawana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kila mzunguko wa uwanja, na siku isiyo na mchezaji ni siku isiyo na ujira. Mchezaji anayesema "nimempa bakshishi" ilhali amelipa ujira tu, amejisifu kwa ukarimu ambao hakuufanya. Na anayesema "nitakupa chai" atumie tahadhari, kwani neno hilo kwa wengine ni shukrani na kwa wengine ni hongo.

Asubuhi ya siku ya nne nilimkuta yule mzee amekaa kwenye benchi pamoja na wenzake, wakisubiri zamu. Nikamwambia: "Shikamoo, mzee." Akaitikia: "Marahaba. Wewe umetoka Tanzania." Nikamwomba radhi kwa kimya cha jana. Akatazama kidogo uwanjani, akasema: "Yeye ameongea. Wewe hukuongea. Lakini nimeona umeandika." Alikuwa ameliona daftari langu.

Muhtasari wa matumizi

- *Hoteli*: sahihi kwa malazi na, katika mazungumzo, kwa mahali pa kula. Penye utata, tumia *mkahawa/mgahawa* kwa chakula.
- *Kufikia, kushukia*: kwa mgeni wa muda. *Kukaa*: kwa makazi.
- *Malazi* si *makazi*.
- *Ya kifahari* husifu. *Ya anasa* huweza kulaumu.
- *Gofu* (I-ZI) ni mchezo. *Gofu/magofu* (LI-YA) ni jengo lililobomoka.
- *Mchezaji wa gofu* au *mcheza gofu*. Si "mcheza wa gofu".
- *Fimbo* ni kifaa. *Klabu* ni chama. *Kilabu*, kwa wengi, ni mahali pa pombe.
- *Mikwaju* michache ndiyo ushindi.
- *Ujira* ni haki. *Bakshishi* ni hiari.
- *Boi*: neno la kihistoria, lenye dharau. Lisitumiwe kumwita mtu.